Sahani Kama za Wenzake

Mashine ilipoanza kunguruma, wapangaji wote wa ua ule walijua kwamba Fundi yu karibu kulishwa. Sauti yake ilipita juu ya ukuta wa jikoni usiofika darini, ikaingia chumba hiki na kile, kisha ikatoka nje hadi bombani, ambako wanawake walikuwa wakisubiri ndoo zao zijae. Hapo ndipo mpangaji wa chumba cha mwisho, mwanamke ambaye ulimi wake haukujua kupumzika, aliposema maneno yale yale ya kila mchana.

“Haya jamani, kiwanda kimefunguliwa! Mtoto mkubwa anasagiwa.”

Wenzake walicheka. Hawakucheka kwa ubaya. Walicheka kama watu wanavyocheka wakiwa wamechoka kusimama. Lakini ndani ya chumba chake Fundi aliyasikia maneno hayo moja baada ya jingine. Masikio yake hayakupata ugonjwa wowote. Kiharusi kilichomwangusha karakanani kililaza mkono wa kulia, upande mmoja wa mdomo, na koo. Koo ndilo lililoileta mashine nyumbani.

Mkewe aliingia na bakuli, akaliweka juu ya stuli, akamfunga kitambaa kifuani.

“Mume wangu, chakula tayari.”

Fundi alilitazama bakuli. Ndani yake mlikuwa na wali, nyama, karoti na mchuzi, vyote vimesagwa pamoja hadi vikawa kitu kimoja chenye rangi ya udongo uliolowana.

“Tope,” alisema. Neno lilitoka polepole, limejikunja upande mmoja.

“Si tope. Ni wali na nyama, vile vile tulivyokula sisi.”

“Vile vile!” alidakia mama yake Fundi kutoka kitandani alikokuwa amenyoosha miguu yake iliyovimba. Ua mzima ulimwita Bibi. “Basi nipe mimi hilo bakuli, mkwe wangu, nawe ule nyama yangu. Mwanangu hajawahi kula kitu kisicho na jina. Nikiulizwa leo mwanao kala nini, nijibu nini?”

“Mama, nesi ndiye aliyesema kisagwe.”

“Nesi hakusema kitie kichefuchefu.”

Bibi alivuta bakuli, akachota kidogo kwa ncha ya kidole, akaonja. Alitafuta la kusema ambalo halingekuwa sifa.

“Chumvi ipo,” alikiri, akalirudisha.

Lakini Fundi hakufungua mdomo. Mkewe alimbembeleza, akamtania, akamwambia habari za kazini kwake, kijiko kikiwa hewani. Alipoona mkono umechoka aliliweka bakuli chini, akamfuta mdomo ambao haukuwa umechafuka.

Kliniki walimpima, wakakuta amepungua tena. Muuguzi aliyekuwa akimhudumia alikuwa mwanamke mwenye maneno machache na macho mapole. Alimwita mke wa Fundi kando, karibu na dirisha.

“Sikiliza, mama. Nikisema kisagwe, simaanishi kukuonea. Koo lake halifungi sawasawa. Chakula chenye punje au nyuzi kinaweza kushika njia ya pumzi badala ya kushuka tumboni. Na asikudanganye mtu kwamba lazima utamsikia akikohoa sana. Wakati mwingine kinashuka kimya kimya, kinakwenda kuozea mapafuni.”

“Nasaga, nesi. Nasaga mpaka mashine inapata moto. Yeye ndiye hataki.”

“Basi mshawishi. Akiendelea hivi tutampitishia mpira puani, chakula kiende moja kwa moja tumboni. Wengine hukaa nao muda mrefu.”

Fundi alikuwa kwenye benchi, mbali kidogo, lakini aliona mkono wa muuguzi ukigusa pua. Walipokuwa wakitoka alimshika mkewe kwa mkono wake mzima.

“Bora nife,” alisema.

“Usiseme hivyo mbele ya watu.”

“Bora.”

*

Mke wa Fundi alikuwa muosha vyombo katika jiko la hoteli. Mashine yenyewe ilitoka huko. Haikuwa blenda ya juisi. Ilikuwa mashine ya jikoni ya kukatakata na kusaga, yenye bakuli pana na kisu cha mabawa mawili kinachozunguka chini kabisa. Kifuniko chake kilipasuka, hoteli ikanunua nyingine, na mpishi mkuu akamwachia ile ya zamani kwa makubaliano ya kukatwa kidogo kidogo kwenye mshahara. Ilikuwa lazima ubonyeze kifuniko kwa kiganja muda wote inapozunguka, la sivyo inazima. Hivyo kila alipomsagia mumewe, alikuwa kama mtu anayemziba mwingine mdomo.

Siku moja, akiwa amezamisha mikono kwenye sinki, alimwona mpishi mkuu akijaza viazi vilivyopondwa katika vikombe vidogo, akivigeuza juu ya sahani, na kuvitoa vikiwa vimesimama wima, vina pembe na umbo. Alisahau sufuria aliyokuwa akiisugua.

“Unatazama nini, mama?” mpishi aliuliza. “Unataka kuniibia kazi?”

“Hivyo viazi, bosi. Havina punje?”

“Vingekuwa na punje vingesimama hivyo? Nimevichuja.”

“Na nyama je? Nyama nayo inaweza kusimama?”

Mpishi alicheka, kisha akaona kwamba muulizaji hacheki. Alifuta mikono yake kwa aproni, akamweleza.

Kuanzia hapo mke wa Fundi aliacha kusaga vitu pamoja. Aliipika nyama mpaka ikaachana yenyewe, akaisaga na mchuzi wake, akaipitisha kwenye chujio akiikandamiza kwa mgongo wa kijiko, na nyuzi zilizobaki juu akazitupa. Kilichopita alikipika tena na unga kidogo, kikashikana. Alikimimina katika sahani bapa kipoe, akakikata vipande, akavichora mistari kwa ncha ya kisu mahali ambapo nyama halisi huonyesha nyuzi zake. Wali ulimshinda: kila alipousaga ulikuwa gundi. Aliubadilisha kwa viazi. Karoti aliisaga peke yake, akaijaza katika mfuko wa nailoni, akakata pembe ya mfuko na kuiminya juu ya sahani, ikatoka viduara vidogo vidogo vilivyolala kama karoti iliyokatwa kwa kisu. Kila kitu alikijaribu kwa kijiko, kama muuguzi alivyomfundisha: akikiinamisha, kilichomo sharti kiteleze chote bila kuacha kitu.

Tena alichagua saa. Alisaga baada ya wapangaji kwenda kazini na bomba kuwa halina watu, akafunika mashine kwa blanketi kuukuu kupunguza kelele.

Siku ya kwanza alipomwekea mumewe sahani, hakumfunga kitambaa kifuani. Alimpa uma katika mkono wa kushoto, kisha akajifanya anatafuta kitu kabatini.

Fundi aliitazama sahani kwa muda mrefu. Yeye alikuwa fundi wa viti. Maisha yake yote aliishi kwa kuficha mishono. Aliugeuza upande mmoja wa kipande cha nyama kwa uma, akaugeuza wa pili.

“Mshono uko wapi?” aliuliza.

“Utafute mwenyewe. Si wewe unayejiita fundi?”

Upande mzima wa mdomo wake ulicheka. Akala. Alikula taratibu, kidevu chini kama alivyoelekezwa, akimeza mara mbili kwa kila tonge, mpaka sahani ikabaki na michirizi ya mchuzi tu. Mkewe aliendelea kutafuta kabatini kitu ambacho hakikuwepo, mgongo wake umewageukia, maana hakutaka waone uso wake.

“Leo mwanangu kala nyama na viazi,” Bibi alisema kwa sauti kubwa, makusudi, ili ipite juu ya ukuta. “Nyama na viazi na karoti!”

*

Mwili ulianza kurudi. Kliniki walipompima, muuguzi alitingisha kichwa kwa kuridhika na habari za mpira wa puani hazikutajwa tena. Shati halikumning’inia. Alianza kuulizia habari za karakana: ni nani anayekata kitambaa sasa, sponji zinanunuliwa wapi. Ndipo rafiki yake alipopiga simu. Huyu alikuwa seremala wa fremu, mrefu mwembamba kama jina lake la utani, Msumari. Walikuwa wamefanya kazi pamoja tangu wote wawili wakiwa na nywele nyeusi.

“Shemeji, tunakuja Jumapili kumwona kaka yetu,” alisema. “Tuko wawili, mimi na Vanishi. Nyama tunaleta sisi. Wewe tupikie tu, maana sisi tukipika mtatupeleka polisi.”

Mke wa Fundi alicheka, akafurahi. Alipokata simu alimkuta mumewe amekunja uso.

“Mashine isilie,” alisema.

“Nitasaga mapema kabla hawajafika.”

“Na usiwaambie.”

“Nisiwaambie nini?”

Fundi alionyesha koo lake.

“Mume wangu, Msumari ni ndugu. Nikimnong’oneza tu mlangoni, kuna ubaya gani?”

Ilimchukua Fundi muda kuyapanga maneno. “Watanitazama... ninavyomeza. Wote. Kila tonge. Halafu karakana nzima itajua.” Alivuta pumzi. “Nataka kula na watu. Mara moja tu.”

Bibi, aliyekuwa akipaka miguu yake mafuta, aliinua kichwa.

“Mimi mambo ya kuficha ugonjwa mezani siyapendi. Mwenye kujua huwa mwangalifu.”

“Mama, na wewe!” alisema Fundi, na jicho lake la upande mgonjwa likaanza kutoa machozi, kama lilivyofanya kila alipokasirika.

Mke wa Fundi alimtazama mumewe, akamtazama mkwewe. Alikumbuka kijiko kilichobaki hewani, na mdomo uliofungwa. Akasema, “Sitawaambia.”

*

Siku hiyo aliipanga sahani ya Fundi kwa uangalifu kuliko zote zilizotangulia. Aliipaka nyama yake mchuzi uliokolea ili ing’ae kama ya wageni, akaegemeza kipande juu ya kipande. Alipoziweka sahani mezani, yeye mwenyewe aliyezipakua alilazimika kutazama mara ya pili kujua ipi ni ipi.

Wageni waliijaza nyumba. Vanishi, mpaka rangi wa karakana, alikuwa mfupi mwenye kucha zisizowahi kutakata, na alimsalimu Bibi kwa heshima mpaka Bibi akamwambia anyanyuke, sakafu haina kitu cha kuokota. Bibi hakukaa mezani. Miguu ilimsumbua, akapelekewa chakula chake chumbani. Msumari alizunguka kiti cha Fundi, akapapasa mgongo wake.

“Kiti hiki nilikupigia fremu mimi. Ukaniambia mguu mmoja mfupi.”

“Ulikuwa... mfupi,” Fundi alisema.

“Ndivyo ulivyo! Mdomo umepinda lakini maneno yamenyooka!”

Chumba kizima kilipasuka kwa kicheko, na Fundi alicheka kuliko wote. Mke wa Fundi aliyekuwa akiwanawisha wageni mikono alihisi kifua chake kimefunguka. Ilikuwa muda mrefu hajasikia mtu akimtania mumewe kama mwanamume mzima.

“Shemeji, hii sahani ya kaka mbona inang’aa kuliko zetu?” Vanishi alilalamika. “Ndiyo mapenzi hayo?”

“Nawe oa, ung’arishiwe,” alijibu, akaenda jikoni kuandaa juisi. Juisi ya Fundi ilihitaji kukorogwa na unga maalumu ili iwe nzito, na alitaka kufanya hivyo bila kuonekana.

Kulikuwa na jambo moja ambalo mke wa Fundi hakulijua, kwa kuwa lilikuwa la karakanani na Fundi hakuwahi kuona sababu ya kulileta nyumbani. Pale hakuna aliyekula nyama yake peke yake. Kila mmoja alichagua kipande kizuri kuliko vyote katika sahani yake, akakiweka kwa mkono wake katika sahani ya mwenzake aliyekaa kushoto, na mwenzake alikila pale pale kabla ya kuendelea na chake. Watu wanaonyanyua mbao pamoja na kushikiana misumeno, walisema, hawana budi kuaminiana mikono. Mchukuzi mmoja wa mbao aliwahi kukataa kipande cha mwenzake kwa madai kwamba ameshiba. Hakuna aliyemshikia upande wa pili wa ubao mpaka alipoomba radhi.

Msumari alichagua kipande kisicho na mfupa, chenye mafuta kidogo pembeni, akakiweka juu ya sahani ya Fundi.

“Haya, kaka. Tuko kazini. Leo wewe upokee tu.”

Fundi alikitazama kipande hicho. Kililala katikati ya vile vya mkewe, na tofauti haikuonekana. Angeweza kusema. Neno moja lingetosha, na Msumari angekiondoa haraka, angeomba samahani, angeweka uso ule ambao watu huuweka mbele ya kitanda cha mgonjwa. Vanishi naye alikuwa amesimamisha mkono wake, akingoja kama ilivyokuwa kawaida yao. Fundi alikichukua kwa mkono wa kushoto, akakitia mdomoni.

Alitafuna. Alitafuna kwa upande mzima wa mdomo, muda mrefu, macho ameyafumba. Mafuta na chumvi na nyuzi zinazokatika kati ya meno. Vitu hivyo vyote alikuwa amevisahau. Kisha akainamisha kidevu, akameza, akameza tena.

Alikohoa, kikohozi kidogo kama cha mtu anayesafisha koo lake kabla ya kuzungumza.

“Pole, kaka,” Msumari alimpigapiga mgongoni. “Mapishi ya shemeji matamu, nyama inagombania njia.”

Mke wa Fundi aliporudi na bilauri alimkuta mumewe ana machozi shavuni na tabasamu. Alidhani ni furaha, wala hakukosea kabisa.

*

Homa ilianza kabla wiki haijaisha. Pumzi ya Fundi ikawa fupi, ikawa na mluzi ndani yake, na vidole vyake vikaanza kubadilika rangi. Walimfikisha hospitali mgongoni mwa mpangaji mmoja na kwa gari la mwenye duka. Huko walimwekea hewa, wakampitishia mpira mwembamba kooni ili kuvuta uchafu uliojaa. Muuguzi yule yule wa kliniki, aliyekuwa zamu wodini, alitoka na kipande cha shashi mkononi. Mke wa Fundi na Bibi walikuwa wamesimama mlangoni.

“Mama, tazama.”

Juu ya shashi palikuwa na kitu kidogo, cheupe kijivu, kilichochambuka.

“Hii ni nyama yenye nyuzi zake. Hii haikupita mashineni.”

Bibi aliinama, akakitazama, kisha akainua macho na kumtazama mkwewe.

Mke wa Fundi aliketi sakafuni ukumbini, akaanza kuirudia kazi yake kichwani. Chujio lilikuwa limetoboka? Kisu kiliacha kitu chini yake, pale katikati ambapo hakifiki vizuri? Alichanganya sahani? Aliyarudia yote tangu kuosha nyama hadi kupakua, na kila aliporudia alijiona akilikandamiza chujio kwa kijiko, na nyuzi zikibaki juu.

Alipoingia wodini Fundi alikuwa macho. Alimshika kidole kimoja tu, kwa kuwa mkono mzima ulikuwa na sindano.

“Nisamehe,” alimwambia. “Sijui nilikosea wapi. Nilichuja, wallahi nilichuja.”

Fundi alitikisa kichwa. Alivuta barakoa ya hewa kando.

“Si wewe. Msumari.”

“Msumari amefanyaje?”

“Alinipa... kipande chake. Ndivyo tunavyokula kule. Anayepewa... hakatai.”

“Ungekataa, mume wangu! Wewe unajijua! Ungesema hapana!”

“Ningesemaje?” Alipumzika. Mluzi ulipanda na kushuka kifuani mwake. “Nilitafuna, mke wangu. Nilitafuna sana.”

Alimrudishia barakoa, naye akaiondoa tena.

“Usimwambie. Hatashika nyundo tena.”

“Pumzika.”

“Niahidi.”

Kwa mara ya pili alimuahidi jambo la kunyamaza. Fundi alifariki asubuhi iliyofuata, wakati wagonjwa wengine wakigawiwa chai, na mgawaji chai, ambaye hakuwa amejua, alisimama kando ya kitanda na kikombe akiuliza kama huyu naye hutiliwa sukari.

*

Mazishi yalipomalizika watu walirudi uani. Mabenchi yalipangwa, wanawake wa bombani wakashika masufuria, na yule wa chumba cha mwisho aliosha vyombo vyote peke yake, hakumtazama mtu, hakusema neno. Bibi alikaa kwenye kiti cha plastiki katikati, shuka begani. Walikuja kumpa pole mmoja mmoja, na mmoja wao, jirani wa mtaa wa pili asiyejua lolote, aliuliza swali ambalo huulizwa misibani.

“Lakini Bibi, si tuliambiwa alikuwa amepata nafuu?”

“Alipata,” Bibi alisema. “Alipata nafuu, akanenepa. Hakuuawa na kiharusi mwanangu. Aliuawa na chakula.”

Mke wa Fundi alikuwa kwenye mkeka pamoja na wanawake, karibu kiasi cha kusikia kila neno.

“Nesi katuonyesha nyama kwa macho yetu,” Bibi aliendelea, na sauti yake ikapanda, ikawa sauti ya mtu aliyeibeba kauli yake tangu hospitali. “Nyama nzima! Kazi kupamba sahani, kuchora mistari, kung’arisha. Nilisema mimi. Nilisema chakula si harusi. Kapamba mpaka kasahau kusaga!”

Macho ya ua mzima yaligeuka. Mke wa Fundi aliinamisha kichwa, akakunja pindo la kanga yake, akalikunjua, akalikunja.

Msumari, aliyekuwa nyuma karibu na ukuta, alisimama, akapita katikati ya mabenchi na kuja kupiga goti mbele ya mwanamke mzee. Macho yake yalikuwa mekundu.

“Mama, samahani. Mimi ni mwanao pia, nivumilie. Usimseme shemeji hivyo. Mambo ya kusaga mimi siyajui, lakini kosa lake nini? Mimi nilikaa na kaka bega kwa bega, nimemwona kwa macho yangu akila. Alikula vizuri, Mama. Alimaliza. Mpaka nyama yangu mimi, nilimpa kipande kwa mkono huu, akakila chote. Mgonjwa aliyenyimwa matunzo hali hivyo.”

Mkono wake ulikuwa bado umenyooshwa, mkono mpana wenye alama za patasi.

Bibi aliutazama mkono huo. Mdomo wake ulifunguka kidogo. Alimtazama Msumari usoni, kisha macho yake yakahama polepole, yakaenda mkekani kwa mkwewe, na ilionekana wazi kwamba amefahamu: amefahamu chote, tangu sahani hadi shashi.

“Kipande chako,” alisema. “Wewe ndiye uliyem—”

“Ni kweli, Mama,” mke wa Fundi alisema.

Alisema kwa sauti iliyomshangaza hata yeye. Watu wote walimsikia.

“Unavyosema ni kweli. Sikusaga vizuri. Siku ile nilikuwa na wageni, nikaharakisha. Kosa ni langu.”

Mtu fulani kati ya wanawake alivuta pumzi kwa meno. Msumari alitikisa kichwa akisema, “Hapana, shemeji, usijitwike,” lakini hakuna aliyemsikiliza. Bibi alikuwa akimtazama mkwewe. Alijua kwamba akinyamaza sasa, maneno yake mwenyewe yataganda juu ya mwanamke huyu, yatatembea naye sokoni na kazini, na hakuna atakayekuja kuyafuta. Na alijua ni nani aliyeomba iwe hivyo. Alimzaa yeye, alimfahamu.

“Basi,” alisema hatimaye. “Nimezeeka, nasema ovyo.” Akamwekea Msumari kiganja kichwani. “Nyanyuka, mwanangu. Goti litakuuma.”

Msumari alinyanyuka, akaja mkekani, akachuchumaa mbele ya mke wa Fundi. Alinong’ona, ili maneno yawe yao wawili tu.

“Shemeji, watu wataongea, wewe usisikilize. Mimi nitabaki na kitu kimoja, kitanitosha mpaka ninakufa. Ule uso wake alipokuwa akikitafuna kile kipande. Alifumba macho kama mtoto. Nilikuwa sijamwona na raha hivyo tangu augue. Uliona, shemeji?”

Wakati ule yeye alikuwa jikoni, anakoroga juisi.

“Niliona,” alisema.